Sangula Bila Mbu

Mtu aliyeishi Ifakara mwishoni mwa miaka ya tisini hakuhitaji kwenda chuo ili ajue andiko la mradi ni kitu gani. Profesa Rudolf Geigy wa Basel, Uswisi, alifungua maabara yake hapa mwaka 1957 akichunguza papasi na wadudu wengine wanaoeneza maradhi. Mwaka 1961 kikafuata kituo cha kufundishia wasaidizi wa tiba, na hospitali ya Mtakatifu Fransisko ya Wakapuchini ilikuwa hapo hapo. Nilipoanza kufundisha shule ya msingi nilikuta watoto ambao wakiona tu gari jeupe limesimama, walinyoosha kidole kitobolewe bila kuambiwa. Kisha, kati ya 1997 na 2000, ukaja mradi wa vyandarua, KINET, uliozunguka vijiji vya Kilombero na Ulanga ukiuza chandarua na dawa ya kuchovya kwa jina la Zuia Mbu. Vijana wetu waliomaliza kidato cha nne wakapata vibarua vya kuhoji kaya kwa kaya, wakarudi nyumbani na maneno mapya: malengo mahususi, viashiria, walengwa, uendelevu.

Kwa hiyo mwaka 1999, tulipokaa kutafuta fedha za tamasha la ngoma za bonde zima la Kilombero, utaalamu tulikuwa nao. Na mbu tulikuwa naye.

Kamati haikuwa kubwa. Mwenyekiti alikuwa mzee mstaafu wa reli, ambaye ujanani alifanya kibarua Mang'ula wakati Wachina walipokuwa na karakana yao pale, katika ile miaka ya kujenga TAZARA. Mhazini alikuwa muuguzi, mkunga hasa. Kijana mmoja, ambaye tulimwita Mhoji kwa sababu ya kazi yake, ndiye aliyejua andiko linapangwaje. Mimi nilikuwa katibu, maana mwalimu ana mwandiko unaosomeka na shule ilikuwa na taipureta. Na alikuwepo Bibi wa Lipangalala, kiongozi wa kikundi cha sangula, ambaye hakusoma, na ambaye bila yeye kusingekuwa na cha kuandika.

Sangula ni ngoma ya watu wa Ulanga na Kilombero. Mpogoro atakwambia ni yake, na Mndamba atakwambia hivyo hivyo, waache. Kilichotuuma sisi ni hali iliyofikia. Wazee walikumbuka Mwalimu Nyerere alivyohutubia Desemba 1962, mara tu baada ya kuwa Rais, akatangaza wizara ya utamaduni na kusikitika kwamba tulifundishwa rumba na chachacha tukaachishwa ngoma zetu. Akataja ngoma kadhaa kwa majina, kiduo ikiwemo. Sangula hakuitaja, na Bibi aliliweka jambo hilo moyoni. Miaka iliyofuata ngoma zikapewa heshima ya aina yake: maafisa utamaduni, mashindano, safari za kwenda kuonyesha mikoani. Kufikia miaka ya tisini kilichobaki ni mapokezi. Anakuja kiongozi kuzindua kisima au darasa. Kikundi kinaitwa saa mbili asubuhi, kinakaa juani hadi saa saba, gari likifika kinacheza dakika kumi, mgeni anatikisa kichwa, mwisho kila mtu soda moja. Ngoma inayotaka usiku kucha ikakatwa hadi ikatosha kati ya wimbo wa taifa na risala. Nimeona wachezaji wakikatizwa katikati ya zamu ya wanawake kwa sababu mshereheshaji ameangalia saa.

Tulichotaka ni siku mbili, baada ya mavuno, vikundi kutoka Mlimba hadi Mahenge, pasipo mgeni rasmi. Hilo la mgeni rasmi tuliliandika kabisa katika muhtasari wa kikao cha kwanza, na nadhani ndilo jambo la kijasiri zaidi tulilofanya.

Fedha sasa. Mwaka 1998 ulikuwa umeanzishwa Mfuko wa Utamaduni Tanzania, kwa msaada wa Sweden, na habari zilifika hadi wilayani kwamba hata ngoma inaweza kuombewa fedha. Balozi na mashirika nayo yalikuwa na mafungu yao madogo ya sanaa. Mfadhili aliyetujibu namwacha bila jina. Ninayosimulia hapa hayamhusu yeye peke yake, ni tabia ya karatasi za namna ile.

Fomu ilianza kwa upole: jina la kikundi, anwani, namba ya usajili. Usajili tulikuwa nao wa BASATA, baraza la sanaa la taifa lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1984, na cheti chake tulikihifadhi kwenye mfuko wa nailoni kuepuka mchwa. Kisha fomu ikauliza: eleza tatizo ambalo mradi unakusudia kutatua.

Hapo tulikwama jioni nzima. Tatizo lipi? Mwenyekiti akasema tatizo ni kwamba hatuna hela. Mhoji akacheka, akasema tatizo lazima liwe la jamii, liwe na takwimu, na likiondoka liache pengo linaloweza kupimwa. Akapendekeza yale ambayo sote tulikuwa tukiyasubiri: malaria. Sangula ikusanye watu, nyimbo zitungwe upya, mbu aimbwe, chandarua kiimbwe, na ikiwezekana UKIMWI uingie siku ya pili. Aliyasema bila hila yoyote. Alikuwa ameona kwa macho yake maandiko yanayopita na yanayokwama, na yote yaliyopita yalikuwa na mbu ndani.

Muuguzi aliunga mkono. Wodi ya watoto aliijua, na hakuna mtu katika kikao kile aliyekuwa na haki ya kumwambia malaria si tatizo. Mwenyekiti naye akaona ni busara. Nikaanza kuandika.

Bibi aliuliza nimeandika nini. Nikamsomea. Akanyamaza kidogo, kisha akamgeukia Mhoji.

"Mjukuu wangu, ukioa, tutakuja kucheza kwako?"

"Mtakuja, Bibi."

"Siku hiyo bibi harusi akitoka ndani, niimbe mbu?"

Watu walicheka, lakini yeye hakuwa anachekesha. Akaeleza, kwa utaratibu, kwamba nyimbo za sangula zina wenyewe. Zipo za kusifu, zipo za kumchamba aliyekosa, zipo za kumlilia aliyekufa mtoni, na kila moja ina mahali pake usiku. Mtu akiingiza maneno ya hospitali, vijana watakaoisikia kwa mara ya kwanza watadhani ndivyo ilivyozaliwa. "Huyu muuguzi ana mdomo," akasema. "Aseme mwenyewe ya mbu. Mimi ngoma yangu haina homa."

Tangu siku ile nimesoma mengi juu ya ngoma kutumika kufikisha ujumbe, na sipingi. Zipo afya za watu zilizookolewa kwa wimbo. Lakini nimeona pia ngoma zilizobaki na ujumbe tu. Kundi linakuja na fulana za mradi, linaimba vifungu vya kipeperushi kwa mapigo ya sangula, mradi ukifungwa na wimbo unafungwa nao, na ule wa zamani ulioondolewa ili kuupisha hakuna anayeukumbuka vizuri. Bibi aliliona hilo mapema kuliko sisi tuliokuwa na vyeti.

Mwisho tuliandika hivi, na nakala ya kaboni bado ninayo: kwamba tatizo ni kuwa wanaojua sangula kamili wanazeeka, kwamba vijana wanaiona dakika kumi kumi tu, na kwamba wakazi wa bonde hawajawahi kukaa pamoja waisikilize hadi mwisho. Kuhusu afya tukaandika sentensi moja: kati ya ngoma na ngoma, muuguzi atazungumza na hadhira. Mhoji alisema tutakosa. Hata hivyo alituchorea jedwali la viashiria kwa rula, safi kabisa.

Swali la uendelevu nalo lilikuwa na jambo lake. Fomu ilitaka kujua shughuli itaendeleaje baada ya ufadhili kwisha. Bibi akashangaa kwamba watu wazima wanaweza kuuliza hivyo kuhusu kitu alichokipokea kwa mama yake mzazi. Tuliandika aya ndefu ya viingilio na michango ya wanachama, ambayo hakuna aliyeiamini, na nadhani hata msomaji wake huko Dar es Salaam hakuiamini. Ilikuwa adabu tu, ya kumjibu mtu alivyouliza.

Bajeti ilitupa kazi kuliko yote. Ngozi za mbuzi za kuwambia ngoma, sawa. Mchele haukuwa tatizo, tunalima wenyewe. Nauli za vikundi vya Mlimba kwa treni, sawa, tiketi ina bei yake. Lakini Mahenge na Lupiro wako ng'ambo ya mto, na wakati ule Mto Kilombero ulivukwa kwa pantoni, pale Kivukoni. Pantoni haina ratiba ya usiku. Ikibidi gari lisubiri hadi asubuhi, watu wale watakula nini, watalala wapi? Mwenyekiti akataka kifungu kiitwe "dharura ya mto". Mhoji akasema wafadhili hawapendi neno dharura. Tukaandika "usafiri, awamu ya pili".

Pombe ndiyo iliyoleta ubishi. Hakuna sangula ya usiku isiyo na pombe, na wapishi wa pombe ni akina mama wanaotegemea hiyo hiyo kulipa ada za shule. Kifungu cha pombe ukikiandika kwa jina lake, andiko linarudi. Usipokiandika, wachezaji watauliza, na watakuwa na haki. Muuguzi, ambaye hakunywa hata tone, ndiye aliyetoa neno: viburudisho. Lilikaa vizuri kwenye safu, kati ya "vyombo vya kupikia" na "posho ya wacheza ngoma".

Posho nayo! Zamani kikundi kilialikwa, kikapikiwa, kikashukuru, na zamu ikifika kikaalika kwao. Fomu ilitaka kiasi kwa kichwa kwa siku. Tulipoandika tu, habari zikatoka, na kabla ya barua kupelekwa posta tukaanza kupokea majina ya wacheza sangula ambao hakuna aliyewahi kuwaona wakicheza. Bibi aliwapanga mstari mmoja uani kwake akawaambia wacheze. Orodha ikapungua sana.

Jibu lilipokuja, lilikuwa na habari njema na tarehe mbaya. Sehemu ya fedha tumepewa, pungufu ya tulichoomba lakini inatosha. Ila zitumike kabla mwaka wao wa fedha haujafungwa, maana yake kabla ya Juni.

Mtu asiyelijua bonde hili hawezi kuona ubaya wa hapo. Mvua zikianza, kuanzia Desemba, Ifakara inahamia shamba. Mashamba ya mpunga yako mbali, bondeni, na familia nzima inahama na sufuria na kuku, wanaishi kwenye dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, hadi mpunga uvunwe. Mchana watoto wanafukuza ndege, usiku baba anapiga madebe kuwatisha nguruwe na viboko. Mwalimu anajua: kufikia Februari darasa linabaki na wachache, nao ni wale walioachwa na bibi zao. Machi na Aprili mto unapanda, na bonde linakuwa ziwa lenye majani juu. Kutangaza sangula wakati huo ni sawa na kutangaza harusi siku ya mazishi.

Tuliandika kuomba muda usogezwe. Wakajibu kwa heshima kwamba utaratibu hauruhusu, ila ofisa wao angepita kutuona akiwa njiani kwenda kwingine. Alikuja mwezi Machi. Barabara ya vumbi kutoka Kidatu ilikuwa haina vumbi tena, ni tope, na alifika jioni suruali imeloa hadi magotini. Alikuwa kijana mstaarabu wa mjini. Akatuomba tumwonyeshe uwanja, tukamwonyesha. Akatuomba akutane na walengwa. Mwenyekiti akampeleka Kivukoni kesho yake asubuhi, akamsimamisha mahali maji yalipoishia, akamwonyesha kwa fimbo madungu yaliyokuwa yakionekana mbali, juu ya maji.

"Walengwa wale pale, mwanangu. Wanafukuza ndege."

Ofisa alicheka hadi akashika magoti. Kisha akatoa daftari, akauliza maswali ya kweli: mpunga unavunwa lini, mto unashuka lini, watu wanakuwa na fedha mkononi mwezi gani. Alikula kambare nyumbani kwa mwenyekiti, akaondoka. Baada ya wiki kadhaa barua ikaja: tarehe imesogezwa hadi Agosti 2000. Sikujua alipigania vipi jambo hilo ofisini kwao, wala sikupata kumwona tena. Kila nikisikia watu wakiwalaumu wafadhili wote kwa jumla, namkumbuka.

Agosti ikafika. Kikundi cha Mahenge kilifika mtoni pantoni imekwisha kufunga, wakalala ng'ambo na wachuuzi wa samaki, na kwa kuwa walikuwa na ngoma zao hawakulala. Walivuka kwa pantoni ya kwanza asubuhi, sauti zimekauka kabisa, wakaomba zamu yao iwe ya mwisho. Ratiba ya Mhoji, iliyogawa robo saa robo saa, ikafa hapo.

Nilikaa karibu na wapigaji wakati wa kupasha ngoma. Wanachoma majani makavu, wanageuza ngoma uso uelekee moto, si karibu sana, ngozi isiungue. Mpigaji mkubwa alikuwa mzee mfupi mwenye vidole vilivyopinda. Anagonga kwa kifundo cha kidole kimoja, anasikiliza, anarudisha motoni. Anagonga tena, anainamisha kichwa, anapaka kitu kidogo katikati ya ngozi kwa gumba, anarudisha. Kijana akimharakisha hajibu. Alipotosheka alipiga pigo moja tu, na wanawake waliokuwa wakimenya vitunguu upande wa pili wa uwanja wakaacha visu wakasimama.

Usiku ule sangula ilikwenda hadi alfajiri. Bibi aliongoza sehemu ya wanawake akiwa amejifunga kanga mbili kiunoni, na kuna wimbo mmoja ambao mimi, niliyezaliwa hapa, sikuwahi kuusikia. Wazee wanne walisimama kutoka walipokaa wakaingia uwanjani bila kuitwa. Muuguzi alizungumzia chandarua mara mbili. Nilihofia watu wangemzomea. Kabla hajaanza Bibi aliwauliza waliohudhuria ni nani kati yao alizalishwa na huyu mama, au mtoto wake alizalishwa naye, na mikono ilivyonyanyuliwa, hakukuwa na wa kuzomea.

Ripoti ya fedha tuliiandika kwa shida. Wapishi wa pombe hawana risiti. Tuliwaandalia hati, wakatia dole gumba mbele ya jina, na kwenye safu ya huduma pakaandikwa viburudisho. Mhoji alifanya na mahojiano ya tathmini, watu wachache waliochaguliwa kwa kufuata utaratibu aliofundishwa. Swali lilikuwa: umejifunza nini katika tamasha hili? Wengi walijibu kwa kumuuliza tamasha lijalo ni lini. Aliandika jibu hilo kama lilivyo, kila mahali lilipotokea, na alikataa nilipomwomba alifupishe.

Tamasha lijalo halikupata fedha. Tuliandika tena, tena tukaandika kwa mwingine, kisha mwenyekiti akafariki na Mhoji akahamia Morogoro mjini. Sijaona aibu katika hilo. Nimefuatilia matamasha mengine: la Bagamoyo lililoanza mwaka 1982 lina chuo cha sanaa nyuma yake, la muziki wa Wagogo pale Chamwino, lililoanza mwaka 2009, lina kituo chake cha sanaa na mwenyeji msomi aliyeamua kurudi kwao. Hata Sauti za Busara ya Zanzibar, kubwa kama ilivyo tangu mwaka 2004, haikufanyika mwaka 2016 kwa kukosa fedha. Sisi tulikuwa na jalada na mfuko wa nailoni. Na sangula yenyewe haikusimama. Inachezwa harusini na misibani, ikiwa na spika kubwa za Wachina pembeni zikisubiri zamu yao.

Siku hizi mto unavukwa kwa daraja, la mita 384, lililozinduliwa Mei 2018, na kifungu cha "usafiri, awamu ya pili" hakihitajiki tena. Mwaka jana kijana mmoja wa asasi ya vijana alinijia akiwa na kompyuta mgongoni, amesikia nina andiko la zamani. Nikampa nakala. Akalisoma palepale barazani, akalisifu, akaniuliza kama sitaona vibaya akiongeza mabadiliko ya tabianchi, kwa kuwa mafuriko yapo na madungu yapo, na sasa hivi hicho ndicho kinachopita. Nikamwambia aende Lipangalala, kwa binti wa marehemu Bibi, ndiye anayeongoza siku hizi, amsomee kwanza yeye. Na awe na fedha taslimu ya viburudisho, maana risiti hatapewa.